Fidia Ilikwenda kwa Waliofyeka Msitu

Mhadhara uliotolewa Kampala

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Ya mwaka 1991 mnayajua: misitu ya Bwindi na Mgahinga, kusini magharibi mwa Uganda, ilitangazwa hifadhi za taifa, na Watwa, wenyeji walioishi humo kwa kuwinda na kurina asali, wakatolewa. Sitayarudia. Mimi nataka tuzungumze fidia, maana hapo ndipo dhuluma ilipopigwa muhuri, na ndipo kila mtu anapopenda kupita mbiombio.

Waliohesabiwa walikuwa wenye mashamba. Aliyefyeka kipande cha Mgahinga akapanda viazi, alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mtwa aliyerina asali mle ndani, aliyechuma dawa, aliyezika wazazi wake bila kuangusha msitu, hakuwa na zao la kuandikwa kwenye daftari. Isipokuwa wachache mno, Watwa wakatoka mikono mitupu. Jamani! Msitu ulioleta hifadhi, unaoleta watalii na dola, ulikuwepo kwa sababu watu hawa hawakuufyeka. Na kwa sababu hawakuufyeka, wakaambiwa hawana wanachodai. Nimelisema hili kwenye mikutano mingi, na nitaendelea kulisema.

Kuna atakayeniuliza: sasa walipweje na hati hawana? Ndugu yangu, wakulima wengi waliolipwa nao hawakuwa na hati. Walikuwa na mazao. Kama jasho la mkulima lilitambuliwa bila karatasi, kwa nini maisha ya vizazi na vizazi msituni yasitambuliwe?

Mwingine atasema nataka gorila wanaolindwa na hifadhi hizi waangamie. La hasha! Watwa waliishi nao tangu enzi za mababu, na wazee wao wanasema nyama ya gorila kwao ni mwiko. Hifadhi na ibaki. Ninachodai ni ardhi ya kulima na kujenga, ruhusa ya kuingia kwa asali, dawa na matambiko, na sehemu ya haki katika mapato ya utalii.

Nendeni Mgahinga mkaone wenyewe. Mzee amevaa ngozi, amepiga magoti, anapekecha moto. Kijiti kinazunguka kati ya viganja vyake, vinashuka, anavirudisha juu, vinashuka tena, mpaka moshi unafuka kwenye nyasi kavu. Watalii wanapiga picha. Halafu wageni wanateremshwa kwenye pango la Garama, lililokuwa kimbilio la Watwa, na humo gizani wanaimbiwa. Ziara ikiisha, mzee anavua ngozi, anavaa koti lake, anashuka nje ya hifadhi kwenda kulala kwenye ardhi ya mtu mwingine. Asubuhi atamlimia huyo huyo ili apewe viazi. Na siku akiingia msituni peke yake kutafuta asali, askari wa wanyamapori watamkamata. Kwa mgeni anaruhusiwa kuonyesha alivyoishi. Kwa tumbo lake haruhusiwi.

Mahakama imeshasema. Watwa walifungua shauri Mahakama ya Katiba mwaka 2013, na hukumu ikatoka Agosti 2021, miaka 8 baadaye. Majaji walikubali kwamba watu hawa waliachwa bila ardhi na wakatupwa pembeni, wakapeleka suala la kuwafidia na kuwainua Mahakama Kuu. Siku ile wengi tulishangilia. Mimi leo nauliza: ekari ziko wapi?

Msidhani nina haraka isiyo na sababu. Wabenet, wenyeji wa misitu ya Mlima Elgon mashariki mwa nchi, walishapita njia hiyo hiyo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wenyeji wa pale tangu zamani, wenye haki ya kukaa na kulima. Mwaka 2008 wakafukuzwa tena, nyumba zikabomolewa. Miaka 3 tu! Karatasi ya hukumu walikuwa nayo mkononi.

Waik, jamii ya milimani kule Karamoja, kaskazini mashariki, na ardhi waliyoikosa kwenye hifadhi ya Kidepo nilipanga kuwazungumzia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na sitaki kuwataja kwa sentensi mbili.

Basi nimalizie na mlio mawakili humu ndani: ifuatilieni ile kesi ya Watwa mahakamani, msiwaachie Watwa peke yao nauli na makaratasi. Na mnaotoka Kisoro, Rubanda na Kanungu, wilaya za hifadhi hizo: bajeti ya wilaya ikisomwa, simameni muulize ardhi ya Watwa iko fungu gani, na mdai mjibiwe kwa maandishi.