Penseli Ndogo Pembeni mwa Fomu

Ndugu zangu makarani, na ninyi vijana mnaojenga mifumo midogo ya ofisi, asanteni kwa kufika mapema. Leo tunazungumzia fomu za Microsoft Access, ile programu ya kutunza taarifa za ofisi kwenye majedwali, ambako kila mstari wa jedwali ni rekodi, kila safu ni uga, na fomu ni skrini ya kuandikia humo; na jambo moja tu ndani yake: ni sekunde ipi hasa ulichoandika kinaingia kwenye jedwali.

Karani mmoja wa chama cha akiba na mikopo aliwahi kuniuliza, "Kaka, mbona sijabonyeza popote pa kusevu, lakini kosa langu limeshaingia?" Dada yule alikuwa amezoea Word na Excel, ambako faili lililo kwenye kompyuta yako linakusubiri mpaka useme hifadhi. Fomu iliyofungwa kwenye jedwali, yaani iliyounganishwa nalo moja kwa moja, haina tabia hiyo. Ukiandika herufi moja tu, kwenye upau wa kijivu ulio kushoto inatokea penseli ndogo. Penseli ikiwepo, jedwali bado halijaguswa. Ukihamia rekodi nyingine, ukifunga fomu, ukibonyeza Shift na Enter pamoja, au ukiingia kwenye fomu ndogo iliyo ndani ya fomu kubwa, penseli inatoweka na rekodi imeshaandikwa. Hukuulizwa. Katika matoleo ya kabla ya 2007 hata gurudumu la kipanya lilikuhamisha kutoka rekodi moja hadi nyingine, kwa hiyo kidole kikiteleza tu, mambo yamekwisha.

Sisemi kwamba huo ni ubaya. Kwenye ofisi zetu umeme unakatika, na mtu aliyeingiza rekodi 60 tangu asubuhi anapoteza ile moja tu aliyokuwa akiiandika. Hiyo ni neema kubwa. Lakini inataka tujue kuitumia, na hasa anayejenga fomu ndiye anayepaswa kuijua kuliko anayeandika.

Niwasimulie kosa langu, kwa sababu liliwagusa watu. Niliijengea ofisi moja fomu ya wanachama, na juu yake nikaweka kile kisanduku chenye mshale pembeni, ukikibonyeza kinafungua orodha ya majina. Unachagua jina, fomu inakupeleka kwa mwanachama huyo. Nilijaribu, ikafanya kazi. Sikuangalia kwamba kile kisanduku nilikiacha kimefungwa kwenye uga wa jina. Kwa hiyo karani alipochagua jina ili amtafute mtu, programu ilifanya mambo mawili: ilimwandikia mwanachama aliyekuwa kwenye skrini jina jipya, kisha ikahamia kwa yule aliyetafutwa. Na kule kuhama ndiko kulikohifadhi. Aliyehudumiwa saa mbili akachukua jina la aliyehudumiwa saa mbili na dakika kumi, naye akachukua la aliyemfuata, mnyororo mzima mpaka mchana. Tuligundua pale mama mmoja aliposomewa akiba yake akasema, "Hela ni zangu, lakini huyo siye mimi." Tulikaa hadi usiku tukilinganisha na kadi za karatasi, kadi moja baada ya nyingine. Tangu siku ile, kisanduku cha kutafutia nakiacha wazi, hakifungwi kwenye uga wowote. Nawaomba sana mkirudi kazini mkague vyenu leo hii.

Sasa, wengi wanadhani dawa ni kuweka kitufe kikubwa cha Hifadhi. Wanaandika ukaguzi wote ndani ya kitufe hicho: jina lipo? Tarehe ipo? Kiasi si sifuri? Halafu karani anafunga fomu kwa ule msalaba wa juu kulia, rekodi inaingia bila kupita kwenye kitufe, na ukaguzi wote umekaa pale haujaguswa. Nyumba ina milango sita, mlinzi mmemweka kwenye mmoja.

Mahali pa mlinzi ni kwenye tukio la fomu, yaani pale programu inapoamsha maagizo uliyoiandikia, linaloitwa Before Update: linaamka kabla tu rekodi haijaandikwa. Kila njia ya kuhifadhi niliyoitaja inapita hapo, hata uhamie rekodi nyingine, hata ufunge. Ukiandika Cancel = True pale, rekodi haiendi. Na angalieni, nasema tukio la fomu nzima. Kila kisanduku nacho kina Before Update yake, lakini hiyo inaamka pale tu mtu anapobadilisha kilichomo. Ukiweka sharti la "lazima pawe na tarehe" kwenye kisanduku cha tarehe, na karani asikiguse kabisa, sharti lako halitaamka. Nimeliona kosa hilo kwenye mifumo mingi mno. Na lile sharti lisilo na mjadala, kama kwamba namba ya mwanachama haiwezi kuwa tupu, liwekeni kwenye jedwali lenyewe, ili hata atakayefungua jedwali bila fomu akutane nalo.

Kitufe bado kina kazi, hasa cha kufunga. Amri ya kufunga fomu, DoCmd.Close, ina tabia mbaya: kama rekodi haiwezi kuhifadhiwa, labda uga wa lazima uko tupu, inafunga fomu na kutupa alichoandika mtu, kimya, bila onyo. Na lile neno la kuhifadhi unaloliongeza kwenye amri hiyo linahusu umbo la fomu, data halihusiki nayo. Kwa hiyo kabla ya kufunga andikeni If Me.Dirty Then Me.Dirty = False, yaani kama kuna mabadiliko yasiyohifadhiwa, yahifadhi. Hapo rekodi inalazimishwa kuandikwa kwanza, na ikishindikana, karani anaona ujumbe wakati fomu bado iko mbele yake.

Kuna la watu wawili. Karani wa dirisha la kwanza amemfungua mwanachama anabadilisha namba ya simu. Wa dirisha la pili amemfungua huyohuyo anarekebisha anwani. Kwa kawaida Access haimzuii wa pili kuigusa rekodi, inawaacha wote waandike. Wa kwanza akihifadhi, sawa. Wa pili akihifadhi anapata kidirisha chenye vitufe vitatu. Save Record inafunika kazi ya mwenzake. Copy to Clipboard inanakili mabadiliko yake mwenyewe, ili aangalie kwanza ya mwenzake. Drop Changes inatupa ya kwake. Nimesimama nyuma ya makarani wengi. Wanabonyeza cha kwanza, kwa sababu kina neno wanalolijua na foleni ni ndefu. Namba mpya ya simu imepotea, na hakuna atakayejua mpaka siku mtu anapigiwa hapatikani. Wafundisheni kitufe cha tatu: acha ya kwako, fungua rekodi upya, andika tena anwani. Ni nusu dakika.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kwenye daftari la wino, ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika sahihi pembeni, unatia saini. La zamani linasomeka bado. Fomu inaposasisha, la zamani limekwenda. Ndiyo maana salio la mwanachama lisiwe namba ambayo mtu anaifuta na kuandika nyingine. Kila amana iwe mstari wake wenye tarehe, kila kutoa kuwe mstari wake, na salio lihesabiwe kutokana na mistari hiyo. Kwa yale yanayobadilika kweli, kama jina baada ya ndoa, tengenezeni jedwali la kumbukumbu, na kwenye Before Update ileile andikeni humo lililokuwapo, lililokuja, nani na saa ngapi. Thamani ya zamani bado mnayo mkononi wakati huo, iko kwenye OldValue ya kisanduku.

Mnaotumia ile namba inayojiongeza yenyewe kama namba ya risiti, acheni. Inachukuliwa pale mtu anapoanza kuandika, si anapohifadhi. Akighairi, namba imeondoka nayo, na mkaguzi wa hesabu atauliza risiti ya 214 iko wapi.

Basi, fungueni faili la mazoezi. Nendeni kwa mwanachama wa tatu, badilisheni herufi moja ya jina, kisha msiguse kitu. Penseli mmeiona? Bonyezeni Esc mara moja: kisanduku hicho kimerudi. Sasa badilisheni jina, hamieni kwenye simu, badilisheni na hiyo, halafu Esc mara mbili, na mniambie mnaona nini kushoto.