Sahihi Juu ya Ganda la Yai

Ndugu zangu, hamjambo. Nianze na neno la kwetu. Waswahili tukimaliza kuandika hati tunatia sahihi, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa jambo la kweli, lisilo na kosa. Mkono wa mtu na ukweli wake vimekaa ndani ya neno moja. Ninalipenda sana neno hili, na leo nataka kuwaonyesha ndege anayeishi kwa maana zake zote mbili.

Choma, kusini mwa Zambia, yuko ndege mdogo wa majanini aitwaye prinia. Mayai ya jike mmoja hufanana yote. Ya jirani yake ni mengine kabisa: huyu hutaga meupe, yule mekundu, mwingine ya buluu, mwingine ya kijani cha zeituni, na kila mmoja ana madoa yake. Hayo si mapambo. Yuko ndege mwingine wa jamii ya fumbwe, Anomalospiza imberbis, asiyejenga kiota wala kulea. Hutaga katika kiota cha prinia, akaenda zake. Kinda lake likishaanguliwa, makinda ya mwenye nyumba kwa kawaida hayaponi. Ndiyo maana mama huyatia mayai yake sahihi, na yule mgeni huighushi.

Watafiti Claire Spottiswoode na Martin Stevens walichukua yai la kiota kimoja wakaliweka katika kingine, kisha wakapima tofauti kwa jicho la ndege, ambalo huona hata miale tusiyoiona sisi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba prinia hategemei alama moja. Hutazama rangi, ukubwa wa madoa na jinsi yalivyotawanyika, kisha ndipo huamua kulitoa yai au kuliacha.

Mkaguzi wa hati naye hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwetu liko jambo lililo kinyume. Mayai ya mama mmoja yakizidi kufanana, ndivyo la kughushi linavyojitokeza. Mkono wa binadamu haujirudii hivyo. Mwaka 1868 huko Marekani, katika kesi ya wosia wa Sylvia Howland, sahihi mbili zililingana katika mistari yote 30 ya kalamu inayoshuka. Charles Peirce alilinganisha sahihi 42 za kweli za Sylvia, mbili mbili, akaona kwamba kwa wastani mstari mmoja tu kati ya mitano ndio hulingana. Baba yake, Benjamin, mwanahisabati, akaiambia mahakama kwamba ulinganifu kamili kama ule hauwezi kuwa wa bahati. Kule kufanana mno ndiko kulikoleta shaka. Kwa hiyo programu ya kukagua sahihi haifai kufundishwa kwa sahihi moja. Lazima ijue kwanza mkono wa mwenyewe huyumba kiasi gani.

Wazo kwamba mayai hutofautiana ili kuwashinda waghushi si la juzi. Charles Swynnerton alilieleza mwaka 1918, baada ya kuwajaribu ndege kwa mayai yasiyo yao. Mwaka uliofuata alikuja Tanganyika kusimamia wanyamapori, na wengi humkumbuka kwa utafiti wake wa mbung'o. Naona hiyo kazi yake ya mayai imesahaulika isivyostahili.

Sasa urithi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba jike mghushi hurithi sura ya yai kwa mama peke yake, kupitia kromosomu ambayo madume hawana. Anaiga mkono wa mama yake, basi. Prinia hurithi kwa baba na mama, hivyo huchanganya rangi na kupata mpya. Hapo ndipo ilipotoka ile ya kijani cha zeituni. Katika utafiti huo, pamoja na miaka yote ya kukagua viota vya Choma, halikupatikana yai la mghushi lenye rangi hiyo.