Kikao cha Ini: Mhadhara wa Jioni Mjini Kisumu

Wazazi wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama wanaotaka kutoroka, karibuni ndani. Nimeombwa nizungumze juu ya pombe na ini. Kuhubiri sitahubiri, wahubiri tunao wa kutosha kuanzia Kondele hadi Dunga.

Nianze na tumbo. Hapa kwetu mtu akifura tumbo, miguu ikavimba na macho yakawa manjano, maneno humfikia kabla ya daktari. Huyu atasema karogwa, yule atasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Na kama aliwahi kuonekana kwenye busaa, basi kesi imekwisha: amejitakia.

Lakini sisi wa kando ya ziwa tuna kichocho cha matumbo. Vimelea huingia kwa ngozi ukiwa majini, mayai yao hunasa kwenye ini na kuacha makovu yanayobana njia ya damu, mpaka mishipa ya kooni ikavimba. Siku moja mvuvi anatapika damu, na maskini hajaonja chang'aa maishani. Mara nyingi ini lake bado linafanya kazi, wala halihitaji kubadilishwa. Anahitaji dawa ya kichocho, na ile mishipa iliyovimba kooni ifungwe. Homa ya ini ya B nayo huleta makovu yake. Kwa hiyo mpimeni mtu kwanza, maneno baadaye.

Haya, sasa wanywaji wenyewe. Naulizwa sana kama wiski ya dukani ina nafuu kuliko chang'aa. Methanoli inayopofusha watu kwenye pombe chafu ni sumu yake peke yake. Lakini kinachochoma ini miaka kumi, ishirini, ni kileo chenyewe, na hicho kimo katika chupa zote. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti vileo hapa Kenya, iliruhusu chang'aa ikiwa imetengenezwa na kufungwa inavyotakiwa. Ini halikushirikishwa kwenye mjadala ule.

Upandikizaji wa ini ulijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza 1963, huko Denver, Marekani, na daktari Thomas Starzl. Mgonjwa alifariki. Ilipofika 1967 ndipo wagonjwa wake wakaanza kuishi mwaka na zaidi. Wanywaji walifungiwa mlango kwa muda mrefu, mpaka 1988 Starzl na wenzake walipoonyesha kwamba wakipewa ini huishi sawa na wagonjwa wengine. Hata hivyo hospitali nyingi zikaweka kanuni: kaa miezi sita bila pombe, ndipo tuzungumze.

Kanuni hiyo ina nusu ya akili. Mtu akiacha kabisa, maini mengi hupata nafuu kiasi kwamba upasuaji hauhitajiki tena. Nimeyaona mwenyewe: maji tumboni yanakauka, mtu anarudi shambani. Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Kuna uvimbe mkali wa ini unaoletwa na pombe, na dawa zikishindwa, mgonjwa hana miezi sita ya kungoja. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walitangaza walichofanya: wagonjwa 26 wa aina hiyo, waliochaguliwa kwa makini, wenye familia za kuwashika mkono, walipewa ini bila kungojeshwa. Baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai. Miongoni mwa wenzao wasiopewa, asilimia 23. Waliorudia pombe baadaye walikuwa watatu.

Najua mashabiki wa mpira wa rika langu watanitajia George Best, yule nyota wa Manchester United aliyependa chupa. Ni kweli, alipewa ini London mwaka 2002, akarudia kunywa, akafa 2005. Yeye tunamkumbuka kwa sababu magazeti yalimfuata hadi baa. Anayekunywa chai yake nyumbani hafuatwi na mpiga picha.

Huko Ulaya ini hutoka zaidi kwa waliofariki, na jopo la madaktari ndilo huamua nani apewe. Mtu wa Kisumu akihitaji ini, mara nyingi safari ni ya India, na ini linatoka kwa jamaa aliye hai. Anakatwa sehemu, na ini lake linakua tena ndani ya miezi michache. Lakini si kunyoa nywele: wanaotoa upande wa kulia, hufa mmoja kati ya mia mbili hadi mia tano. Basi jopo letu ni kile kikao chini ya mwembe, na anayeuliza “si alijitakia?” ndiye huenda akalala chini ya kisu.

Kuna mwalimu mmoja wa upande wa Kakamega, simtaji, ambaye pombe ilimharibu ini. Ndugu zake walikaa kikao. Kaka mkubwa, mzee wa kanisa asiyegusa pombe, alimkaripia saa nzima, kisha akasema kwa uchungu, “Nitatoa mimi.” Alipopimwa, akakataliwa. Ini lake lilikuwa na mafuta tele: uzito, soda, na kukaa. Alinyamaza wiki nzima. Dada yao mdogo akafaa. Wakati harambee inachangishwa mwalimu alikuwa ameacha pombe, na mwezi wa nne tangu aache, maji tumboni yakaanza kupungua. Madaktari wakasema tungoje. Mpaka leo anatembea na ini lake la zamani, dada hajakatwa, na anayepimwa kila baada ya miezi michache ni wawili, mwalimu na yule kaka.

Jambo moja kabla sijaketi. Mwenye ini bovu msimnunulie dawa za maumivu kioskini, zile za diklofenaki na ibuprofeni. Huharibu figo na kuamsha damu tumboni. Panado kidogo, kwa kipimo cha daktari, ina usalama zaidi, ingawa watu hudhani ni kinyume.

Maswali sasa. Wewe kijana wa mlangoni, naona umeingia mwishowe. Anza wewe.