Tuta la Ijumaa usiku

RUKIA: Wasikilizaji wetu, asalaam aleikum. Leo nina malengelenge mikononi. Kombo, tizama.

KOMBO: Waaleikum salaam. Toba! Hayo ni ya beleshi.

RUKIA: Ya beleshi. Ijumaa baada ya sala ya Isha tuliteremka barabarani, hapa kwetu Kisauni, tukaweka tuta la kupunguza mwendo wa magari. Wenyewe. Mifuko mitatu ya saruji, mchanga wa toroli, kokoto alizobakisha jirani aliyekuwa akijenga. Vijana wawili wanamulika kwa simu, wengine wamesimama huku na huku wanazuia tuktuk. Sisi kina mama tunapitishana karai. Saa sita usiku likawa tayari, tukalifunika magunia, tukalizungushia mawe lisikanyagwe. Asubuhi tunafunua, nyayo za paka zimepita katikati, ukingo hadi ukingo.

KOMBO: Basi paka ndiye wa kwanza kuvuka pale kwa amani.

RUKIA: Wallahi. Na nyayo zake ziko hadi leo.

KOMBO: Na Jumapili?

RUKIA: Nafika huko. Jumapili alfajiri, giza bado, nasikia kishindo. Kijana wa bodaboda anayepeleka mikate madukani kalivaa tuta bila kuliona. Boflo zimetapakaa barabara nzima. Nimetoka na kanga ya kulalia, namkuta ameketi ukingoni ameshika kiwiko, ngozi imechubuka hadi huku juu. Nikamwosha kwa maji ya chumvi. Unajua aliniambia nini? Hakutukana. Aliniuliza, "Mama, hili limekuja lini?"

KOMBO: Da Rukia, mimi hilo neno la huyo kijana ndilo limenikaa. Nilipopata ujumbe wako wa sauti Jumapili nilikuwa kwenye feri, nikausikiza mara mbili. Na nimekuja na karatasi yangu hapa, mambo matatu ambayo mtaa wowote wa Mombasa unaotaka kupigania barabara au kiwanja chake unafaa kuyajua. Tuyapitie moja baada ya jingine, kisha tuje kwenye ugomvi wetu, maana najua tutagombana.

RUKIA: Haya, anza. Lakini usianze kabla watu hawajajua kwa nini tulifikia kwenye beleshi.

KOMBO: Waeleze.

RUKIA: Wanaotusikiliza siku zote wanakijua kile kiwanja changu ninachokisema kila mara, chenye mti mkubwa wa mkungu. Tangu Ramadhani kimezungushiwa mabati. Hakuna ubao, hakuna tangazo, hakuna anayesema ni nani. Mkungu uko ndani, unadondosha majani yake mekundu huku nje juu ya mabati, basi ndicho kivuli tulichobakia nacho, majani. Watoto walikuwa wanacheza hapo, hatua kumi kutoka mlangoni. Sasa mpira wameuhamishia ng'ambo ya barabara, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya gereji. Kila jioni saa kumi unaona kundi la watoto limejipanga ukingoni, wakubwa wamewashika wadogo mikono, wanangoja matatu zipite. Na matatu hazipiti moja. Aprili tukaandika barua, watu sitini na wawili wametia sahihi. Ofisi ya kwanza ikasema barabara si yao. Ya pili ikatugongea muhuri wa kupokea. Hadi leo huo muhuri ndio jibu.

KOMBO: Hapo ndipo panapoingia jambo langu la kwanza. Barabara za nchi hii zina wenyewe wengi. Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo iliyoleta mamlaka tatu, KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani, kisha Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao. Kwa hiyo kabla ya kukusanya hata sahihi moja, ulizia: barabara hii ni ya daraja gani, na iko chini ya nani? Na uulize kwa maandishi, ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba. Kifungu hicho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukishajibiwa kwa maandishi kwamba barabara ni yao, hawawezi kugeuka kesho.

RUKIA: Hilo ni zuri. Hilo hatukulifanya, nakubali.

KOMBO: Jambo la pili...

RUKIA: Ngoja, nataka kukuuliza kuhusu tuta lenyewe. Wewe uliendesha tuktuk miaka mingapi?

KOMBO: Sita. Na ndiyo maana nasema lile lenu si tuta, ni kizingiti. Tuta linalotengenezwa kwa vipimo lina upana wa kama mita 3.7, na kimo chake hakizidi sentimita kumi. Gari linapanda taratibu na kushuka taratibu. Lenu nimelipima kwa hatua jana. Upana wake ni kama msala, na kimo chake ni hiki hapa, hadi kifundo cha mguu. Halina rangi. Hakuna alama ya kumwonya dereva kabla hajalifikia. Taa ya barabarani iliyo karibu haiwaki.

RUKIA: Taa haiwaki tangu mwaka jana, hilo nalo tuliliandika kwenye barua.

KOMBO: Najua. Lakini saruji haisomi barua. Saruji inamwangusha yeyote.

RUKIA: Saruji yenyewe ilipanda bei, unajua? Mifuko mitatu tuliichangia nyumba kumi na nane.

KOMBO: Na inatoka hapo Bamburi tu, juu ya matumbawe tunayokanyaga. Yakhe, nimekumbuka kitu. Nikwambie habari ya jongoo?

RUKIA: Kombo.

KOMBO: Dakika moja.

RUKIA: Wasikilizaji, mnamjua huyu. Dakika moja ya Kombo ni chungu cha wali.

KOMBO: Wiki mbili nyuma niliwapeleka wanangu Haller Park, ile bustani ya wanyama hapo Bamburi. Kila mtoto anataka viboko na twiga, na kila mzazi anawahadithia watoto kisa cha Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Vizuri. Lakini mimi nimesimama chini ya mivinje, nimeinama, natizama chini. Jongoo! Mkubwa, miguu myekundu, anatembea juu ya majani makavu kama mawimbi. Mwanangu ananivuta mkono, baba twende, na mimi siendi.

RUKIA: Jongoo ana nini lakini?

KOMBO: Jongoo ndiye aliyeijenga ile bustani. Pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji. Mwamba mweupe mtupu, joto, maji ya chini yana chumvi, hata nyasi haioti. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zikawa tatu tu, mvinje mmojawapo, na mnazi.

RUKIA: Mnazi haufi.

KOMBO: Mnazi haufi! Lakini sasa mvinje una tatizo lake. Majani yake yale membamba kama sindano ni magumu, yanaanguka yanajilundika, hayaozi. Udongo utatoka wapi? Haller akaona jongoo wanayala. Basi akawakusanya kwa mamia, akawaachilia mle. Wanakula, wanatoa mboji. Mboji inalisha miti mingine. Leo unaingia pale unaona msitu, unadhani Mungu aliuweka tangu mwanzo. Kumbe mwaka baada ya mwaka, jongoo anatafuna.

RUKIA: Sikujua. Mimi nimeenda pale na shule, na wageni, na arusi moja ya kupiga picha. Hakuna aliyenionyesha jongoo.

KOMBO: Hakuna anayeinama.

RUKIA: Na kwani huuma?

KOMBO: Hata! Anajikunja tu kama sarafu. Ila ukimsumbua anatoa maji yenye harufu kali, usijifute nayo machoni. Mwanangu alimweka kwenye kiganja, wallahi, kimya dakika nzima. Mtoto ambaye hatulii hata akila. Akaniuliza, "Ana miguu mingapi?" Tukaanza kuhesabu. Kila pingili ina jozi mbili, miguu minne, isipokuwa zile chache za mwanzo. Tulipofika themanini akatembea, ikabidi tuanze upya.

RUKIA: Mlimaliza?

KOMBO: Hatukumaliza. Lango lilikuwa linafungwa.

RUKIA: Sasa hilo limenigusa kwa jambo jingine. Mkungu wetu ule mle ndani ya mabati, chini yake palikuwa na udongo mweusi mzuri, mwororo. Bibi yangu alikuwa anatutuma tukauchote kwa kopo, apandie mrihani. Pengine na sisi tulikuwa na jongoo wetu na hatukumjua.

KOMBO: Mlikuwa nao. Penye udongo mweusi Mombasa pana mtu aliyefanya kazi, mwenye miguu miwili au mia. Huku kwetu ukichimba shubiri moja unagonga tumbawe.

RUKIA: Na wakimwaga zege pale umekwisha.

KOMBO: Umekwisha, na huo haurudi kwa barua. Ndiyo maana nakwambia, Da Rukia, mmemwaga jasho lenu mahali si penyewe. Watoto hawakuanza kuvuka barabara kwa kupenda. Wanavuka kwa sababu kiwanja kimefungwa. Mngekwenda kwenye mabati, tuta lisingehitajika.

RUKIA: Kwenda kwenye mabati kufanya nini? Kuyang'oa?

KOMBO: Kuuliza. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 haimruhusu mtu kugeuza kiwanja kikawa maghorofa kimyakimya. Lazima aombe kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, na umma ujulishwe. Usiporidhika, kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa. Na kama ile ni ardhi ya umma, Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, hata awe na hati ya dhahabu.

RUKIA: Kombo, nakusikia. Yote hayo ni kweli. Lakini niambie yatachukua muda gani.

KOMBO: Muda utachukua. Waangalie watu wa Owino Uhuru hapo Jomvu, waliotiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda cha betri kuukuu. Walienda mahakamani 2016. 2020 wakashinda, fidia ya shilingi bilioni 1.3. 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Hawakukaa kitako.

RUKIA: Miaka minane!

KOMBO: Minane, na wakashinda.

RUKIA: Na katika hiyo minane wangapi waliugua wakingoja? Kombo, mimi siwadharau, nawavulia ushungi. Lakini mtoto wa jirani yangu ana miaka sita. Anavuka leo saa kumi. Sheria inasema mjini mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na mimi nimesimama pale ukingoni, hakuna anayekwenda 50. Wewe dereva, nambie, gari likienda mara mbili ya mwendo, breki zinahitaji nafasi kiasi gani?

KOMBO: Mara nne.

RUKIA: Mara nne. Tangu Jumamosi wanapunguza. Wote! Hata wale wa kupiga honi. Watoto wanavuka wanatembea, hawakimbii. Nimeviona kwa macho yangu vile vidogo vinatembea.

KOMBO: Na kijana wa boflo umemwona kwa macho yako pia.

RUKIA: Nimemwona. Nimemwosha.

KOMBO: Angevunja shingo je?

RUKIA: Na mtoto angegongwa Alhamisi je?

KOMBO: Huo si mzani, dadangu. Huwezi kumlinda mmoja kwa kumtegea mwingine gizani. Na yule naye ana mama. Ambulensi nayo ikija usiku na mama mwenye uchungu je? Ling'oeni leo, au basi walau lipakeni chokaa na muweke mtu na tochi usiku hadi...

RUKIA: Chokaa tutapaka. Vijana wameshanunua. Kuling'oa, hapana. Liking'olewa kesho, keshokutwa utanisomea barua ya kugongewa muhuri.

KOMBO: Mimi silikubali.

RUKIA: Najua hulikubali. Nami siling'oi.

KOMBO: Na ukiniuliza mwezi ujao nitasema hivihivi.

RUKIA: Nami hivihivi. Bado tutakunywa kahawa.

KOMBO: Kahawa tutakunywa. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, walisema waliokufa barabarani mwaka 2024 ni watu 4,748, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko wote. Sitaki mtaa wenu uongeze hata mmoja, wa miguu wala wa pikipiki. Basi. Hicho ndicho kinachonitia ukali.

RUKIA: Nimekuelewa, kakangu. Wallahi nimekuelewa. Haya, rudi kwenye karatasi yako, jambo la pili.

KOMBO: La pili ni maombi ya raia kwa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Kifungu cha 88, jinsi ya kuyaandika na... Hiyo si adhana?

RUKIA: Ni Magharibi. Tumemalizwa na jongoo.

KOMBO: Jongoo alikuwa na haki yake. La pili na la tatu nitakuachia karatasi, uwape pale mtaani.

RUKIA: Nipe sasa hivi, utaisahau kwenye feri. Na Jumamosi saa kumi tunakwenda kwenye mabati, na kamera na futi ya kupimia, tujue ni ukubwa gani. Utakuja?

KOMBO: Nitakuja. Nitamleta na mwanangu.

RUKIA: Mlete. Ila apitie kwenye tuta.

KOMBO: Nitamshika mkono.