Kipimo cha Nani? Wavu, Mpira na Goli katika Michezo ya Wanawake

Ndugu makocha, walimu wa michezo na waamuzi, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa inauliza kama michezo ya wanawake iendelee na vipimo na sheria za wanaume au iwe na vyake. Likiulizwa kwa jumla namna hiyo, swali hili huishia kuwa ubishi wa kijiweni: huyu anasema wanawake wanadharauliwa, yule anasema wanaonewa. Mimi naomba tuliteremshe uwanjani, tuchukue futi kamba na mizani.

Tuanze na wavu, kwa sababu huko jambo liliamuliwa zamani na hakuna anayelalamika. Katika voliboli uwanja ni mita 18 kwa 9 kwa wote, mpira ni uleule wa gramu 260 hadi 280, wachezaji ni sita kila upande. Kilichotofautishwa ni kimo cha wavu: mita 2.43 kwa wanaume, mita 2.24 kwa wanawake. Ni sentimita 19, karibu asilimia 8, na haiko mbali na tofauti ya kimo cha wastani kati ya wanaume na wanawake. Kwa hiyo mchezo ulibaki mzima. Malkia Strikers wa Kenya wanaspaiki (kuupigilia mpira chini kwa nguvu) na kubloku (kuuzuia kwa mikono juu ya wavu) sawasawa, wala hakuna mtu anayetoka uwanjani akisema ameangalia voliboli ya kupunguziwa. Wapandishie wavu hadi 2.43 uone kitakachotokea: mpigaji anaukuta mpira chini ya ukingo, analazimika kuupandisha kwa upinde, mikono ya bloku haivuki upande wa pili, na mnabaki kurudishiana mipira ya juu kama watu wanaosubiri mvua iishe.

Na hicho ndicho kinachotokea katika shule nyingi, si kwa sababu ya sheria bali kwa sababu ya ufungaji. Wavu una upana wa mita 1, kwa hiyo ukiwa umefungwa sawa kwa wasichana, ukingo wa chini unakaa mita 1.24 kutoka ardhini. Pima katikati ya uwanja kwa fimbo iliyotiwa alama. Kupima kwenye nguzo hakutoshi. Kisha pima juu ya mistari ya pembeni: pande zote mbili zilingane, na zisizidi kimo cha katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Kamba ikilegea, watu huwa wanapandisha ncha ili katikati pafike 2.24. Hapo pembeni panakuwa juu mno, na pembeni ndiko wapigaji wengi wanakoshambulia. Dawa yake ni kukaza kamba ya juu, basi. Kama nguzo ni zenu wenyewe, muulizeni fundi awachomelee ndoano za vimo viwili, kila kimo na rangi yake, ili aliyekuja kufunga wavu jioni asikisie.

Mpira wa kikapu ulichukua njia nyingine. Kikapu kilibaki mita 3.05 kwa wote, lakini mpira wa wanawake ukawa saizi 6 badala ya saizi 7: mzingo wa sentimita 71.5 hadi 73 badala ya 75 hadi 77, na uzito usiozidi gramu 550. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilianza kutumia saizi 6 mwaka 2004. Sababu ni kiganja. Mkono mdogo kwenye mpira mkubwa hauwezi kutoa pasi ya mkono mmoja wala kuzuia mpira usiteleze wakati wa kubadilisha mwelekeo. Anayeanza na saizi 7 akiwa na miaka kumi na miwili hujifunza kuusukuma mpira kutoka kifuani kwa mikono miwili, na kumtoa kwenye tabia hiyo baadaye ni kazi ya msimu mzima. Mpira wa mikono nao hivyohivyo: uwanja mita 40 kwa 20 na goli la mita 3 kwa 2 kwa wote, ila mpira wa wanawake ni gramu 325 hadi 375, wa wanaume 425 hadi 475.

Angalieni kilichoguswa katika michezo yote mitatu. Ni kile kinachoshikwa na kile kinachofikiwa kwa mkono. Uwanja, muda na idadi ya wachezaji havikuguswa. Huo ndio msimamo wangu leo: rekebisha kinachokutana na mwili, umbali na dakika viache.

Kwa nini umbali na dakika viachwe? Kwa sababu kila vilipopunguzwa, kilichopunguza kilikuwa hofu, si kipimo. Mwaka 1928, Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Ikadaiwa kuwa wamezimia na hawawezi, mbio zikafutwa hadi Roma 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi 1984. Katika jimbo la Iowa, Marekani, wasichana wa sekondari waliendelea hadi 1993 kucheza kikapu cha watu sita kila timu, ambapo mchezaji haruhusiwi kuvuka mstari wa katikati na anadunda mpira mara mbili tu. Soka nayo ilikuwa na yake: mashindano ya Ulaya ya wanawake ya 1984 yalichezwa dakika 70, Kombe la Dunia la 1991 dakika 80, na kufikia 1995 zikawa 90. Hakuna goti lililookolewa na zile dakika 10. Mbio za nyika za dunia zilisawazishwa Kampala mwaka 2017, kilomita 10 kwa wanaume na kwa wanawake. Waganda waliokuwa Kololo siku ile waliona wenyewe kama kuna aliyeanguka kwa sababu ya kilomita mbili zilizoongezwa juu ya zile nane za awali.

Ila marekebisho nayo yanaweza kupita kiasi. Viunzi vya wanaume vya mita 110 vina kimo cha mita 1.067, vya wanawake vya mita 100 vina 0.838. Hiyo ni asilimia 21, wakati wavu ulishushwa kwa asilimia 8. Mkimbiaji mrefu anapita juu ya kiunzi cha 0.838 bila kuinua nyonga kwa kiasi cha kuonekana, na umbali wa mita 8.50 kati ya kiunzi na kiunzi unambana: hatua tatu zake za kawaida hazienei, anazikata. Wapo watu wa riadha wanaotaka kiunzi kiinuliwe, na mimi nawaunga mkono. Katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kimo ni 0.762 kwa wanawake na 0.914 kwa wanaume, asilimia 17. Hapo sina ugomvi mkubwa, maana kiunzi kile hakianguki: ukikigonga, unaanguka wewe. Dorcus Inzikuru alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio hizo mwaka 2005, Peruth Chemutai akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Mwalimu mwenye viunzi vya aina moja tu shuleni, vya 0.914, asiwapangie wasichana wanaoanza. Magogo yaliyochongwa kwa kimo sahihi ni afadhali.

Na anayesema vipimo vya wanaume ni asili isiyoguswa, akumbuke mkuki. Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliutupa mita 104.80 mwaka 1984, na mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukasogezwa kitovu chake cha uzito mbele ili uinamishe ncha mapema, kwa sababu viwanja vilikuwa vinaisha.

Sasa tuje kwenye soka, penye ubishi wenyewe. Upana wa goli, yadi 8, uliandikwa katika sheria za 1863, zama ambazo hata mtambaa panya, ule mti wa juu wa goli, haukuwapo. Mwanamke hakufikiriwa kabisa. Leo ni mita 7.32 kwa 2.44. Mwingereza Emma Hayes, aliyewahi kuwafundisha wanawake wa Chelsea, ni miongoni mwa makocha waliowahi kusema goli la wanawake lipunguzwe kidogo. Tupige hesabu. Tukitumia asilimia ileile ya wavu, goli linakuwa mita 6.75 kwa 2.25. Wengi husema "asilimia 8 tu", lakini eneo linashuka kutoka mita za mraba 17.9 hadi 15.2, yaani asilimia 15. Hilo si badiliko dogo. Mashuti ya mbali yatapungua thamani, timu zitarudi nyuma kukaa langoni.

Ningelazimishwa kuchagua, ningeshusha mtambaa panya peke yake na kuacha upana. Upana kipa anaupunguza kwa miguu: anatoka, anaziba pembe, anasogea nusu hatua kabla ya shuti. Mpira unaopita juu ya kichwa chake hauna ufundi wa miguu utakaoufikia. Lakini sishauri lifanyike sasa, wala lianzie kwetu. Kipa aliyekulia kwenye goli la 2.25 akikutana na la 2.44 katika mechi za CAF ataadhibiwa kwa ukarimu wa chama chake. Badiliko hili lishuke kutoka juu au lisifanyike. Sheria zenyewe ziliwahi kufungua mlango: hata toleo la 2015/16 liliruhusu vyama kubadilisha ukubwa wa uwanja, mpira, goli na muda kwa mechi za wanawake. Matoleo ya leo yanawataja vijana, wakongwe, wenye ulemavu na soka la mashinani. Wanawake hawamo tena. Na tafadhali, msifunge ubao chini ya mtambaa panya mkidhani mmepata goli la mazoezi. Ukichomoka utamuua mtoto.

Yapo ya kufanya Jumatatu asubuhi bila kuomba kibali cha mtu. La kwanza ni mpira. Saizi 5 inaruhusiwa kuwa na mgandamizo wa hewa wa kuanzia atm 0.6 hadi 1.1 (kwenye geji ya bar ni karibu namba zilezile), lakini kwenye viwanja vyetu hujazwa kwa pampu isiyo na geji mpaka unalia kama jiwe, halafu mnawaambia wasichana waupige kichwa. Nunueni geji, wekeni 0.6 au 0.7, bado mko ndani ya sheria. Wasichana wadogo wapewe saizi 4, gramu 350 hadi 390.

La pili ni njumu. Kano msalaba ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) hukatika kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume, na mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji: mguu umenasa, mwili umegeuka. Njumu nyingi madukani zimefinyangwa kwa mguu wa kiume, kisigino kipana. Msichana anavaa soksi mbili ili zisimvuke, na mguu unaendelea kucheza ndani. Mpimeni akiwa amesimama, jioni, kwa soksi moja ya kuchezea. Kisigino kikiinuka anapopanda ngazi, hiyo si saizi yake. Kwa kiwanja kikavu cha changarawe chagueni meno mafupi na mengi, ya mviringo. Yale marefu ya chuma ni ya nyasi zilizolowa.