Wafu wa Mwenzako: Tunavyobishana Kuhusu Vita

NEEMA: Karibuni tena. Mimi ni Neema, niko na kaka yangu Hamisi. Leo sina utangulizi mrefu, jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu Jumamosi.

HAMISI: La msibani kwa mama mdogo.

NEEMA: Ndilo. Tumekaa mkekani, chai ya tangawizi inagawiwa, mjomba akaanza habari za Goma, ule mji wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Shemeji yetu, ambaye mama yake ni mtu wa Kivu, akasema neno kuhusu M23, waasi walioteka mji huo. Mjomba akamjibu, "Nyinyi watu wa kule ndivyo mlivyo." Shemeji akaweka kikombe chini, kimejaa vilevile, akavaa viatu, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi sikunyanyuka.

HAMISI: Lakini dada, tusimlaumu mjomba kwa kuwa na msimamo. Mji umetekwa, watu wamekufa. Mtu akiniambia niongee hayo kwa upole, mimi nasikia ananiambia ninyamaze.

NEEMA: Msimamo wake hata mimi ninao. Kilichomwinua mtu mkekani ni lile "nyinyi watu wa kule".

HAMISI: Mbona mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alimwita Idi Amin wa Uganda nduli? Tumelelewa na neno hilo.

NEEMA: Alimwita Amin. Mtu mmoja, mwenye madaraka, aliyetuma jeshi likaingia Kagera na kuua raia. Hakusema Waganda ni manduli. Tena Waganda waliomkimbia Amin walirudi kupigana bega kwa bega na jeshi letu, JWTZ. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa miaka kumi nyuma, Biafra, kwa sababu pale Mwalimu alibishana na rafiki.

HAMISI: Wasimulie vijana wetu, wengi hawaijui.

NEEMA: Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, waliosalimika wakakimbilia kwao mashariki. Mei 1967 Ojukwu, gavana wa kijeshi wa mashariki, akatangaza eneo hilo limejitenga na kuwa nchi ya Biafra, Julai vita vikaanza. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua. Na sisi tulikuwa na deni kwa Nigeria! Jeshi letu lilipoasi Januari 1964, ni Nigeria iliyotuletea kikosi cha kutulinda wakati tunaunda jeshi jipya. Aliyekusitiri jana ndiye unayekwenda kumwambia leo kwamba anakosea.

HAMISI: Na karibu Afrika nzima ilikuwa upande wa Lagos, yaani serikali ya Nigeria. Walihofia Biafra ikikubaliwa, hakuna mpaka utakaobaki salama.

NEEMA: Hofu hiyo Mwalimu hakuibeza. Alikubali kwamba umoja ni kitu chema, yeye mwenyewe kaupigania maisha yake yote. Kisha akasema huwezi kuua watu kwa maelfu ukauita huo umoja. Halafu akaileta hoja nyumbani kwake: Wazanzibari wakiamua kwa hiari yao kwamba Muungano hauwafai, yeye hawezi kuwapiga mabomu ili wabaki. Rais anasema hivyo, Muungano una miaka minne tu.

HAMISI: Hapo sina ubishi. Kipimo alichompimia mwenzake alijipimia na yeye. Lakini na mimi nina langu. Biafra tunaisimulia kama habari ya Waigbo peke yao. Mashariki ile walikuwepo Waibibio, Waijaw, Waogoni, na wengi wao hawakuitaka Biafra. Ken Saro-Wiwa, yule mwandishi, Mwogoni, alisimama na serikali ya shirikisho. Kama hoja ni hiari ya watu, hao waliulizwa na nani?

NEEMA: Hilo ni kweli, Hamisi. Linaniuma, kwa sababu kila nikimsifu Mwalimu kwa Biafra sijawahi kuwataja.

HAMISI: Sijalisema ili nikushinde.

NEEMA: Najua, ndiyo maana nimeweza kulisikia. Vita vile viliisha Januari 1970, na makadirio mengi yanasema waliokufa walizidi milioni moja, wengi wao kwa njaa. Watoto, Hamisi. Mtu aliyezika mtoto kwa njaa humwambii apunguze sauti.

HAMISI: Wala aliyechomewa kijiji na wapiganaji wa Biafra.

NEEMA: Wala huyo. Jana nilimpigia mjomba. Akaniambia, "Msimamo wangu sibadilishi." Nikamwambia sijapiga kwa ajili hiyo. Nimepiga kumwambia kwamba shemeji ana mama wadogo wawili Goma, na siku ile msibani alikuwa hajawapata kwenye simu kwa siku tisa.

HAMISI: Mimi mwenyewe sikulijua hilo.

NEEMA: Hakuna aliyemuuliza. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza hao kina mama wanaitwa nani.