Jinsi ya Kuomba Ufadhili wa Shahada ya Uzamili Nje ya Nchi

Habari zenu watazamaji. Leo tunapitia maombi ya ufadhili wa masomo, hatua kwa hatua. Fungua lahajedwali tupu (kama ya Excel) kwenye kompyuta yako, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya kwanza: soma vigezo kabla hujaandika hata neno moja. Wengi huanza na insha, kisha wanagundua kwamba sifa hawakuwa nazo tangu mwanzo. Tazama hapa kwenye skrini. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na inauhesabu kwa saa: 2,800. Kazi za muda na za kujitolea nazo zinahesabiwa. Ukimaliza masomo, unatakiwa urudi kwenu kwa miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kupitia EPOS, programu yake kwa watu wa nchi zinazoendelea, nayo inadai miaka miwili ya kazi, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isizidi umri wa miaka sita. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ina utaratibu wake: unaomba moja kwa moja kwenye kozi, unasoma katika nchi zaidi ya moja, na ukipata ufadhili unalipwa euro 1,400 kwa mwezi. Kama umehitimu juzijuzi na kazi bado, mimi ningeanzia hapo.

Sasa jaza lahajedwali: jina la ufadhili, nyaraka zinazotakiwa, tarehe ya mwisho. Andika na saa, tena kwa majira ya nchi gani, maana kwao kukiwa bado mchana, kwako huenda siku imeshakwisha.

Hatua ya pili ni vitu vinavyochelewa: pasipoti, transkripti (hati ya alama zako za chuo), mtihani wa Kiingereza. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiwahi mno, wala usingoje wiki ya mwisho.

Hatua ya tatu, barua za mapendekezo. Mtafute anayeijua kazi yako. Profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka ataandika kwamba ulihudhuria vipindi, basi. Uliyemchagua mtumie wasifu wako, maelezo ya kozi, na mambo mawili matatu uliyofanya chini yake ambayo ungependa ayataje. Tarehe unayompa iwe wiki moja kabla ya ile halisi. Ni ujanja kidogo, lakini unasaidia.

Hatua ya nne, barua ya motisha, yaani ile ya kueleza kwa nini unaitaka kozi hiyo. Hapa tukae kidogo, maana ndipo wenye alama nzuri wanapoangukia. Soma sentensi hii: “Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mtaalamu wa maji.” Ifute. Anayesoma maombi ameshaiona mara nyingi mno, na haimwambii lolote kukuhusu. Sasa soma hii: “Nilisimamia ukarabati wa visima vitatu. Viwili viliharibika tena, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuvitunza.” Hapo kuna kazi, kuna tatizo, na msomaji anataka kujua utafanya nini. Aya inayofuata imjibu: taja masomo mahususi ndani ya kozi hiyo yatakayokupa unachokikosa, kisha useme ukirudi utafanya kazi gani na wapi. Ukiweza kubadilisha jina la chuo na barua ikabaki na maana ileile, hujaimaliza. Na kama umenakili kutoka ombi lingine, tafuta jina la chuo cha zamani. Huwa linabaki mahali, mara nyingi aya ya mwisho.

Mwisho, kutuma. Chevening haitozi ada ya maombi, kwa hiyo wakala anayekudai pesa “ya kuifungulia fomu” mwache aende zake. Ada ya maombi ya chuo chenyewe ni jambo jingine, baadhi ya vyuo hutoza. Tuma siku kadhaa kabla, kisha pakua nakala ya kila ulichojaza na uihifadhi. Ukiitwa kwenye usaili, maswali mengi yatatoka humo humo.